Uzamili wa mvinyo: Davis, Stellenbosch au Ulaya? Naomba ushauri wenu wakuu

Binti Hombolo

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mzaliwa wa Hombolo, Dodoma. Nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, Sayansi na Teknolojia ya Chakula, nikatoka na GPA ya 3.7, kisha nimefanya kazi miaka miwili maabara ya kiwanda kimoja cha mvinyo hapa mkoani. Kazi yangu ni kupima sukari, kupima asidi, kupima pH na kuandika daftarini. Nikiuliza kwa nini tangi namba fulani limegoma kuchachuka, naambiwa niandike tu. Baba ana ekari moja na nusu ya zabibu, nimekua nikibeba vichala kwa ndoo tangu darasa la tatu.

Nataka kwenda kusoma uzamili wa mvinyo nje. Nimeshaandika majina matatu kwenye karatasi: UC Davis kule California, Stellenbosch Afrika Kusini, na ile programu ya Ulaya inayoitwa Vinifera. Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Pesa sina, nategemea ufadhili. Na mama yangu ni mlokole, hataki kusikia kabisa habari ya mvinyo, hilo nalo linanikosesha usingizi.

Naomba mnisaidie kuchagua. Nisome wapi?

Mkazi wa Area C

Davis. Chuo kinajulikana dunia nzima, kutoka hapo hadi Napa, kwenye mashamba maarufu ya mvinyo, ni mwendo wa saa moja kwa gari. Ukiwa na jina lile kwenye wasifu wako ajira inakutafuta yenyewe. Hapo hapana mjadala.

Mchachua

Dada, karibu. Nimekaa na swali lako tangu mchana, maana miaka saba iliyopita nilikuwa na karatasi kama hiyo yako, majina mengi na hakuna anayeniambia kitu cha kushika. Mimi nilipita Vinifera, mwaka wa kwanza Montpellier, Ufaransa, na wa pili Geisenheim, Ujerumani, na sasa nafanya kazi kiwanda kidogo cha mvinyo kusini mwa Ufaransa. Nitaandika kwa urefu, nivumilie.

Kabla ya chuo, niambie kwanza asubuhi yako unataka uamkie wapi. Shambani, kiwandani au ofisini? Watu husema "kusomea mvinyo" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni fani tatu ambazo hukutana siku ya mavuno tu. Wa shambani anasomea mzabibu: udongo, kupogoa, maji, magonjwa, mashina ya kubebeshea. Wa kiwandani anasomea kemia na vijidudu. Wa ofisini anasomea soko, bei, sheria za lebo na usafirishaji. Programu iliyo bora kwa mmoja inaweza kumpotezea mwenzake miaka miwili.

Ukitaka ofisi, hakuna haja ya kwenda kuhangaika na maabara ya Davis. Sonoma State, California hiyo hiyo, wana MBA ya biashara ya mvinyo. Shirika la kimataifa la mzabibu na mvinyo, OIV, lina shahada ya uzamili ya usimamizi wa mvinyo iliyoanza 1987, ambayo wanafunzi wake hawakai darasa moja, wanahama nchi hadi nchi wakitembelea mashamba na wauzaji. Ila hiyo ni ya mtu mwenye mwajiri anayemlipia.

Kwa maandishi yako naona wewe ni wa kiwandani, na hiyo hasira ya tangi lililogoma ndiyo imenionyesha. Nikuhadithie langu. Mavuno yangu ya kwanza nilipewa zamu ya usiku, matangi sita ya mvinyo mwekundu. Kazi ilikuwa kuosha. Maji, magadi, maji, asidi ya sitriki, maji tena, hadi mikono inabadilika rangi. Katikati ya hapo unapanda ngazi kila baada ya saa nne kulizamisha lile tabaka la maganda linaloelea juu. Usiku wa tano tangi moja likaanza kunuka yai viza, na kipimo cha sukari kikakwama palepale pa jana. Msimamizi akaja, akanusa, akaniuliza: "Nitrojeni ilikuwa ngapi kwenye mchuzi wa zabibu kabla hujaweka hamira?" Sikuwa nimepima. Hamira ilikuwa na njaa, na mtu akishachelewa hata akiongeza chakula hailishiki, kwa sababu pombe ikishapanda hamira hushindwa kuifyonza ile nitrojeni. Mvinyo ule uliuzwa kwa bei ya kutupa. Hakuna aliyenigombeza, lakini swali lile nimetembea nalo hadi leo.

Nakuambia hivi kwa sababu ushauri wangu wa kwanza ni huu: chuo chochote utakachochagua kiwe na kiwanda chake ambacho mwanafunzi anaruhusiwa kuharibu kitu. Davis wanacho, kilifunguliwa 2010. Fresno State wanacho, na wao walikuwa chuo cha kwanza Marekani kupata leseni ya kuuza mvinyo wao, mwaka 1997, kwa hiyo mwanafunzi anatengeneza kitu ambacho mteja atakilipia. Stellenbosch wanacho. Ukiwaandikia wahusika wa udahili usiulize chuo ni cha ngapi duniani. Uliza mwanafunzi wa uzamili anafanya mavuno mangapi, wapi, na nani anamlipa.

Binti Hombolo

Asante sana kaka, hilo la nitrojeni limenigusa, hatujawahi kupima hata siku moja. Ni kweli, nataka kiwandani, ila nikirudi Hombolo shamba siwezi kulikwepa.

Nimechungulia matokeo yangu ya SUA. Kemia ogania nimesoma muhula mmoja, biokemia ipo, vijidudu vya chakula vipo, takwimu ipo. Hesabu nilisoma mwaka wa kwanza, hazikwenda mbali, na fizikia niliishia kidato cha sita. Ni kikwazo?

Mchachua

Kwa Davis ni kikwazo cha kweli, na nafurahi umeangalia mapema. Wao wanataka uwe umesoma kemia, kemia ogania, biokemia, fizikia, kalkulasi, takwimu na biolojia. Mimi mwaka wa kwanza wa kuomba nilituma maombi kwenye chuo kimoja, sitakitaja, nikalipa ada ya maombi, nikalipia mtihani wa Kiingereza, nikasubiri miezi mitano, nikajibiwa kwa mistari miwili kwamba sina fizikia. Iliandikwa kwenye ukurasa wao tangu mwanzo, mimi nilisoma ufadhili tu. Pesa ile ilikuwa ya kaka yangu. Kaa na orodha ya masomo yako upande mmoja na ya kwao upande mwingine, pima moja baada ya jingine. Kilichopungua kisome kabla, hata Chuo Kikuu Huria, uwe na cheti mkononi.

Sasa nikupitishe kwenye yale majina yako matatu.

Davis. Heshima yake ni ya haki. Kazi iliyofanyika pale imebadilisha fani. Mwaka 1997 Carole Meredith na John Bowers walithibitisha kwa vinasaba kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, jambo lililowaacha watu mdomo wazi, mzabibu mwekundu mzazi wake mmoja ni mweupe. Natamani mtu afanye kazi ya namna hiyo kwa zabibu yetu ya Makutupora Red, na kama ndiyo ndoto yako, nenda Davis. Lakini asiyekuwa mkazi wa California anaongezewa dola 15,102 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, kwa hiyo usiende bila Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, au profesa atakayekuajiri kama msaidizi wa utafiti. Na mkuu wa Area C, kwa heshima zote, jina pekee halitoshi. Ni wataalamu wa Davis hao hao waliowashauri wakulima wa Napa na Sonoma kubebesha kwenye shina la AXR1, na miaka ya 1980 filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi ya mzabibu, akalishinda shina lile, mashamba yakang'olewa na kupandwa upya. Sisemi hivyo kuwabeza. Nasema kila chuo kinajua ardhi yake na makosa yake.

Vinifera. Mwaka wa kwanza Montpellier kwa Kiingereza, wa pili unachagua chuo kingine kati ya washirika, Ujerumani, Italia, Hispania, Ureno au Bordeaux. Faida yake kubwa ni wenzako darasani: Mgiriki, Mchile, Mhindi, kila mtu na zabibu za kwao. Mimi nimejifunza kwa wale kuliko kwa mihadhara. Na kuna mkusanyiko wa mizabibu ulioanzishwa Montpellier mwaka 1876, siku zangu ulikuwa kwenye mchanga wa pwani, maelfu ya aina, unatembea mstari hadi mstari unaona majani ambayo huwezi kuyaona kwingine. Usidanganyike tu na hadithi kwamba Ujerumani ni bure. Vyuo vya umma vya jimbo la Hesse, Geisenheim ikiwamo, havidai ada ya masomo, lakini Vinifera ina ada yake, na ubalozi wa Ujerumani utataka uonyeshe euro 11,904 za mwaka mmoja kwenye akaunti maalumu iliyofungwa kabla ya viza. Hapo ndipo wengi wa kwetu hukwama. Ukipata ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani, mzigo huo unaondoka.

Stellenbosch. Hapa nitakaa kidogo.

Abraham Perold, profesa wa kwanza wa kilimo cha mizabibu wa chuo hicho, mwaka 1925 alichanganya Pinot Noir na Cinsault, akapata mbegu chache, akazipanda nyumbani kwake. Alipohama zile bustani zilitaka kufyekwa, miche ikaokolewa, na leo hiyo ndiyo Pinotage, zabibu ambayo ukiitaja popote watu wanajua ni ya Afrika Kusini. Chuo kilichoona kwamba nchi yake inastahili zabibu yake yenyewe kina kitu cha kumfundisha mtu wa Dodoma. Gharama za maisha ni nafuu kuliko California. Ni ndege ya saa chache. Mavuno yao ni Februari na Machi, miezi ile ile na yetu ya masika, nyie kule mnajua.

Mhudumu wa Cape

Naomba niongeze, mimi ni Mtanzania nipo hapa Cape kwenye hoteli, naongoza meza ya mvinyo. Dada yangu, msome Ntsiki Biyela. Katoka kijijini KwaZulu-Natal, alikuwa anafanya kazi za ndani, akapata ufadhili wa shirika la ndege la South African Airways mwaka 1999 kuja kusoma utengenezaji wa mvinyo Stellenbosch, na mvinyo wenyewe hakuwahi kuuonja. Masomo yalikuwa kwa Kiafrikana, lugha asiyoijua. Alimaliza 2003, mwaka uliofuata akaanza kazi ya kutengeneza mvinyo, na leo ana kampuni yake, Aslina, jina la bibi yake. Nimemimina mvinyo wake kwenye glasi za wageni wa mataifa yote, na kila mara nawaambia habari hiyo.

Jambo la pili. Kuna watu watakuambia usome WSET, zile kozi za Uingereza za kuonja mvinyo, badala ya uzamili. WSET ni nzuri, mimi nimefika ngazi ya tatu, inakufundisha kuonja na kueleza, na inafungua kazi za hoteli na mauzo. Haitakufundisha kuliamsha tangi lililogoma. Usichanganye hivyo vitu viwili.

Babu wa Mpunguzi

Marahaba mjukuu wangu na wote humu. Mimi ni mkulima wa zabibu tangu ujana wangu, simu hii ananishikia mjukuu.

Nimesoma yote. Naona vyuo, naona dola. Sijaona sisi. Zabibu zetu sote zinaiva siku moja, mnunuzi anakuja na lori moja, zinazobaki tunakamua mchuzi tunaweka kwenye mapipa ya plastiki, baada ya wiki mbili unakuwa siki. Huyu binti akirudi na karatasi yake atatusaidia nini?

Na kuhusu mama yake. Mizabibu hapa Dodoma ililetwa na wamisionari kwa ajili ya misa, pale Bihawana. Asibishane na mama. Amsikilize mpaka amalize, halafu amwambie ukweli kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomlipia ada.

Mchachua

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza swali ambalo kamati za ufadhili nazo huuliza, na dada akilijibu vizuri ndiyo anapewa.

Mchuzi wako hauharibiki kwa bahati mbaya. Pipa likibaki na nafasi ya hewa juu, bakteria wa siki wanakunywa ile pombe pamoja na hewa. Pipa lioshwe kama nilivyoeleza, mchuzi ukishamaliza kuchachuka lijazwe hadi mdomoni, liwekwe salfa ya mvinyo ya kuzuia bakteria kwa kipimo kinachofuata pH, likae penye ubaridi. Dawa ni hiyo, lakini kipimo cha salfa kinategemea pH, na zabibu zetu pH huwa juu, yaani asidi ni kidogo. Usiku wa joto mzabibu unaichoma asidi yake ya maliki kama mtu anavyochoma mafuta akihema. Ndiyo maana kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha Ujerumani hakitoshi kwako. Na kuiva siku moja, hilo ni la kupanga tarehe za kupogoa. Mzabibu wa Ulaya unangoja majira ya baridi yaishe, huwezi kuuharakisha. Wa kwetu unaamka pale unapoupogoa. Kijiji kikipangana, mstari huu leo, ule baada ya siku kumi, lori litakuja mara nne.

Hapo ndipo nataka dada usikilize sana, maana ndipo ninapodhani chuo chako kitajulikana.

Mwaka 1944 Amerine na Winkler wa California walitoa hesabu ya joto ambayo kila mwanafunzi wa mvinyo anaisoma hadi leo. Unachukua wastani wa joto wa siku, unatoa 10, unajumlisha kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Oktoba. Ikizidi 2,222 uko kanda ya V, ya joto kuliko zote. Dodoma wastani wetu ni karibu nyuzi 22. Toa 10, inabaki 12. Siku 214 mara 12 ni 2,568. Kanda ya V, kwenye jiko kabisa. Sasa hesabu kama mkulima wetu: anapogoa, na baada ya siku kama 130 anavuna. Mara 12 ni 1,560. Hiyo ni kanda ya II, pahala pa ubaridi wa wastani. Shamba lile lile, mzabibu ule ule.

Hesabu ilitungwa kwa mzabibu unaolala. Wetu haulali, na unavunwa mara mbili kwa mwaka. Hivyo vitabu vingi utakavyosomeshwa vitakuwa vya kweli na bado havitatosha. Dunia nzima ya mvinyo wa tropiki ni ndogo: bonde la mto São Francisco huko Brazili, kwenye nyuzi 9 kusini, ambako kituo cha utafiti cha Embrapa kipo Petrolina na wanavuna zaidi ya mara moja kama sisi, Nashik huko India, wanakopogoa mara mbili na kuvuna mara moja, Thailand kidogo. Dodoma ni nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Na hapo kwenu kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora, anza kwa kubisha hodi huko.

Chukua hiyo hesabu, uandike aya tatu za Kiingereza safi, uwatumie maprofesa wawili au watatu wa kila chuo kwenye karatasi yako. Usiombe nafasi. Uliza wao wangehesabu vipi joto la mzabibu wa Dodoma. Wengine hawatajibu. Wengine watakutumia kiungo cha fomu ya maombi. Mimi nilipofanya hivyo, mmoja alinirudishia maswali tisa, mengine sikuyaelewa hadi nilipokwenda kumuuliza mzee wetu wa jirani. Nilimfuata huyo, sikuangalia tena chuo ni cha ngapi.

Kuhusu mama, babu kasema. Mimi niongeze tu kwamba masomo ya mzabibu yana zabibu za kula, zabibu kavu, juisi, ubwiriunga na magonjwa mengine. Kama shamba litakuvuta kuliko tangi, hutakuwa umemdanganya mama kwa kumwambia unasomea zabibu.

Binti Hombolo

Wakuu, narudi baada ya wiki tano, samahani kwa ukimya.

Nimeandika barua saba. Nimejibiwa tatu. Mbili ni viungo vya fomu, kama kaka alivyosema. Ya tatu imetoka Stellenbosch. Ananiuliza joto la mchana na usiku la shamba lenyewe, siyo la uwanja wa ndege, na pH ya vichala vya Machi dhidi ya vya Agosti kwa miaka miwili. Kaka, hizo pH ninazo. Ni zile nilizokuwa naambiwa niandike tu. Nimeomba ruhusa kiwandani nizinakili na bosi amekubali, ila majina ya wakulima yasitokee.

Fizikia nimejiandikisha Chuo Huria. Mama nimemsikiliza mpaka akamaliza, ilichukua jioni nzima. Hajakubali, ila jana aliniuliza hiyo Stellenbosch kama kuna baridi.

Baba kanunua vipimajoto viwili vya kuonyesha joto la juu na la chini. Swali langu: nivifunge kwenye waya juu ya mstari, au ndani ya majani karibu na vichala?

Mchachua

Kimoja kivulini nje ya mstari, mita moja na nusu kutoka ardhini, hewa ipite, jua lisikiguse hata dakika. Hicho ndicho cha kulinganisha na wengine. Cha pili kifunge kwenye kimo cha vichala, ndani ya majani. Soma vyote kila asubuhi saa ile ile, saa moja au saa mbili, chagua moja usiibadilishe. Andika na siku baba atakayopogoa, kila mstari na tarehe yake.